Ni jiwe tu

Jumapili moja jioni nilikuwa nimekaa barazani napunga upepo, simu ikalia, meseji kwenye grupu la familia. Shangazi kafowadi picha. Nikaifungua. Ukuta wa mawe ya kahawia yaliyopangana matabaka, kwa juu anga la rangi ya vumbi, na katikati ya ule ukuta kuna mlango.

Yaani mlango kabisa. Una miimo miwili, una kizingiti cha juu kimenyooka kama fundi kakipiga pima maji, na ndani giza, kama njia inayoshuka kwenda chini. Mtu kaandika kwa herufi kubwa kwamba mlango umeonekana kwenye sayari ya Mirihi na wakubwa wamenyamaza.

Afu ikafuata voisi ya shangazi mwenyewe. "Nyie mliosoma, hebu niambieni, hiki ni nini?"

Sikufikiri hata nusu dakika. Nikaandika, shikamoo shangazi, ni jiwe tu hilo. Binamu mmoja akaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, mwingine akasema shangazi aachane na mambo ya mitandaoni, maongezi yakahamia kwenye mchango wa harusi.

Saa moja baadae shangazi akajibu. "Haya baba."

Basi. Hakuuliza tena.

## Ile "haya baba"

Zikapita wiki tatu na bado ilikuwa inanikaa kichwani, naamka nayo, niko kwenye daladala nayo. Kwetu sisi tunaomjua, "haya baba" ya shangazi siyo kukubali. Ni kufunga mazungumzo kwa heshima pale anapoona hujamjibu.

Na kweli sikumjibu. Sikujua ile picha imepigwa na nani, lini, wapi, wala huo mlango una ukubwa gani. Nilichojua ni kwamba watu wanaojua huwa wanasema ni jiwe, kwa hiyo na mimi nikasema ni jiwe. Nikimuweka yule aliyeandika wakubwa wamenyamaza upande mmoja na mimi upande mwingine, wote wawili tuliongea kabla ya kuangalia.

Kuna kilichoniuma zaidi. Shangazi aliponda kokoto kule Kunduchi miaka mingi kabla mgongo haujamgomea. Nyundo, mwamvuli uliochanika, kipande cha mpira wa tairi cha kushikia jiwe lisiruke, na debe la kupimia. Ada yangu ya sekondari sehemu kubwa ilitoka kwenye yale madebe.

Mtu wa namna hiyo anakuuliza habari za jiwe, we unamwambia ni jiwe tu.

## Sentimita 30

Nikaanza kutafuta. Picha ni ya kweli, hakuna aliyeitengeneza. Ilipigwa na gari la utafiti la Curiosity tarehe 7 Mei 2022. Hilo gari lilishuka Mirihi kwenye kreta ya Gale, yaani shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, Agosti 2012 na tangu hapo linapanda taratibu mlima ulioko katikati ya ile kreta, wameuita Mount Sharp, kimo chake kama kilomita 5, na wenyewe wanausoma tabaka kwa tabaka kama mtu anayefunua daftari, kurasa za chini ni zama za maziwa na matope, ukipanda unaanza kuona ukame unaingia.

Tulichotumiwa sisi ni kipande kidogo sana kilichokatwa kwenye picha pana ya jabali zima. Ukiangalia ile pana, huo mlango inabidi uutafute. Kimo chake ni kama sentimita 30, upana kama sentimita 40. Rula ya shule! Ukisimama pale haukufiki gotini.

Nilifurahi mno. Nikajiona nimemaliza, nikapanga siku nikienda kumsalimia shangazi nitamweleza uso kwa uso, siyo kwenye grupu mbele za watu.

Ila nikaendelea kusoma, na ndo nikakutana na habari ya donati.

## Donati

Januari 2014. Hili ni gari lingine, Opportunity, lilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi iliyopangiwa siku 90 na hapo lilikuwa limetimiza miaka 10 bado linatembea. Liko kwenye ukingo wa kreta ya Endeavour. Wakapiga picha ya sehemu ile ile waliyokuwa wameipiga siku kama 12 nyuma. Picha ya kwanza, mwamba mtupu. Picha ya pili, kuna jiwe limekaa hapo. Upana kama sentimita 4, kingo nyeupe, katikati jekundu limebonyea, kila aliyeliona akasema donati yenye jemu.

Hebu jiweke pale. Sayari haina mtu wa kuokota kitu wala wa kukiweka. Jiwe halikuwepo, sasa lipo.

Maneno yakawa mengi dunia nzima. Kuna waliosema ni kiumbe kimeota, na mtu mmoja Marekani akaenda mpaka mahakamani kutaka NASA, shirika la anga la Marekani lenye hayo magari, ilazimishwe kukichunguza vizuri. Ningekuwepo kwenye hayo maongezi najua ningejibu nini, maneno matatu, na ningerudi kwenye shughuli zangu.

Wale wenye gari hawakujibu hivyo. Steve Squyres, aliyekuwa mkuu wa wanasayansi wa ile safari, na wenzake walikuwa na dhana mbili mezani: ama gurudumu limelirusha wakati gari linageuka, ama kimondo kimeanguka jirani kikarusha vipande. Hawakujua ni ipi. Wakalipiga picha kwa karibu, wakapima madini yake, wakakuta manganizi na salfa kwa wingi usio wa kawaida, vitu ambavyo maji huviyeyusha na kuvikusanya, ikawa dalili kwamba maji yalishawahi kupita ndani ya mwamba ule. Afu wakasogeza gari mbele kidogo wakageuza kamera, na juu ya mteremko wakaliona jiwe lililokanyagwa likavunjika, lina weupe ule ule na wekundu ule ule. Februari wakatangaza. Gurudumu lao wenyewe ndo lilivunja, kipande kikabingirika.

Kwa hiyo jibu lilikuwa jiwe.

Lakini angalia walichokipata njiani. Wangesema jiwe tu siku ya kwanza wangekuwa wamesema kweli, na ile habari ya maji isingejulikana.

Hapo ndo nikaanza kulitilia shaka jibu langu. Siyo neno "jiwe". Neno "tu".

## Uso wa mwaka 1976

Mtu anaweza kusema mbona wataalamu nao huwa wanajibu hapo hapo, na wanapatia. Ni kweli, na mfano mkubwa ni ule uso.

Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kikiwa kinazunguka Mirihi kilipiga picha eneo la Cydonia, na kwenye picha kuna uso wa mtu umelala unaangalia juu. Macho, pua, mdomo, vyote. NASA wenyewe ndo waliitoa hadharani siku chache baadae, na waliandika wazi kwamba ni kilima, kivuli cha jua ndo kinafanya ionekane hivyo. Hata baadhi ya vidoti vyeusi kwenye ile picha ni sehemu ambazo data ilipotea njiani.

Walipatia. Na haikusaidia chochote, zaidi ya miaka 20 watu waliendelea kuubishania ule uso.

Nilijiuliza sana kwa nini. Ninavyoona mimi ni kwa sababu watu waliambiwa, hawakuonyeshwa. Kivuli, sawa, kivuli, lakini mimi macho yangu yanaona uso, sasa niyaamini macho yangu au karatasi yako? Macho yetu yameumbwa kutafuta nyuso, mtoto mchanga kabla hajajua kitu kingine chochote anageukia uso, na ukiamka usiku umetundika kanzu mlangoni unamuona mtu kabla hujaiona kanzu. Huwezi kumwambia mtu aache kuona. Unachoweza ni kuwasha taa.

Taa iliwashwa 1998, afu ikawashwa zaidi Aprili 2001. Chombo cha Mars Global Surveyor kikapita juu ya pale pale na kamera kali. Kwenye picha nzuri kabisa za Viking kila nukta ilibeba mita 43 za ardhi, kwenye hii ya 2001 nukta moja ni mita 1.56. Kilima bapa kwa juu, kingo zimemomonyoka. Ukiiangalia hiyo huhitaji mtu wa kukueleza.

## Nilipokwama

Bado nilikuwa na swali lililonichosha kama wiki nzima. Kama kila la ajabu likifuatiliwa linaishia kuwa jiwe, tunajisumbua nini? Na siku lisipokuwa jiwe tutajuaje, kama tumeshazoea kusema "tu"?

Kilichonitoa hapo ni historia ya vimondo.

Mwaka 1768 jiwe lilianguka kutoka angani kijiji cha Lucé, Ufaransa, wanakijiji walikuwepo. Jiwe likapelekwa kwa wasomi wa akademia ya sayansi, kamati ikakaa, na ndani yake yumo Lavoisier, mmoja wa wakemia wakubwa kuwahi kutokea. Wakasema ni jiwe la kawaida la ardhini lililopigwa na radi. Zamani hizo wasomi wengi wa Ulaya hawakukubali kwamba mawe yanaanguka kutoka juu, waliona ni maneno ya wakulima. Mpaka Aprili 1803 yalipoanguka mawe kwa maelfu mji wa L'Aigle, huko huko Ufaransa, na safari hii akatumwa kijana mmoja mwanafizikia, Jean-Baptiste Biot. Akaenda mwenyewe. Akatembea kijiji kwa kijiji akiuliza watu waliona nini, waliisikia sauti kutoka wapi, akayaangalia mawe yenyewe na akaona hayafanani na mawe ya pale. Ripoti yake ndo ikawageuza wasomi.

Hapo nilisimamisha kusoma nikatoka nje kidogo.

Sisi tunalo la kwetu pale Mbozi. Tani zinazokadiriwa kufika 16, kama asilimia 90 ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli, limelala Songwe na wenyeji walikuwa wanalijua kabla ya mpimaji ardhi wa kikoloni kuliandika mwaka 1930. Jeusi, limetulia, ukipita haraka unaweza kuliona kama jabali jingine lolote. Na Mirihi kuna ndugu zake! Januari 2005 lile lile gari la Opportunity lilikuta bonge la chuma na nikeli ukubwa wa mpira wa kikapu, kimondo cha kwanza kutambuliwa juu ya sayari nyingine. Mwaka 2014 Curiosity likakuta kingine chenye upana wa kama mita 2, wakakiita Lebanon.

Kwa hiyo yapo mawe ambayo siyo "tu". Na aliyeyatambua ni yule aliyekubali kwenda kuuliza.

## Kunduchi

Nilienda Jumamosi. Nikamkuta shangazi uani anachambua mchele. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, za huko." Nikakaa mkekani, nikamwambia nimekuja kumjibu lile swali lake. Akaniangalia. "Lipi?" Lakini alikuwa analijua, maana alishaanza kutafuta miwani.

Nikamfungulia picha pana kwanza, afu nikamuonyesha mlango uko wapi, afu nikatoa hoja yangu kubwa niliyokuja nayo. Shangazi, ule mlango ni sentimita 30. Nikampimia kwa mikono.

"Sasa udogo ndo nini?" akasema. "Siafu hana mlango?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Wiki zote zile nilidhani kipimo ndo jibu, na kumbe kipimo kinajibu tu kwamba hapiti mtu. Hakijibu ni nani au ni nini kimetoboa.

Akauliza tena. "Na nani alipima? Kuna mtu kule?" Hili nilikuwa nalo. Nikamwambia gari lina kamera mbili mbili kama macho, picha ya kushoto na ya kulia zinatofautiana kidogo, na kwa ile tofauti wanajua kitu kiko umbali gani, ukishajua umbali unajua ukubwa. Nikamwambia afumbe jicho moja ajaribu kutunga uzi kwenye sindano. "Hiyo naijua," akasema.

Halafu akaichukua simu. Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akainamisha kichwa, akakaa nayo kimya muda mrefu mpaka nikadhani kachoka.

"Hapa jiwe limelala matabaka," akaanza. "Unaona hii mistari, inashuka kuja huku. Na hapa kuna ufa umetoka juu. Huu hapa mwingine. Nyufa zilipokutana na tabaka, kipande kimelegea kikachomoka. Kitakuwa hapo chini, kimefukiwa na mchanga."

Nikamuuliza, lakini shangazi hizi kona mbona zimenyooka hivi? Maana kwa kweli hata mimi, na kusoma kote, kona zile zilikuwa bado zinanisumbua.

"Jiwe likipasuka lenyewe ndo hunyooka, baba. Lina njia yake. Ukilipata lenye njia nzuri nyundo moja tu linaachia, limenyooka kama mkate. Likichongwa na mtu ndo utaona alama, huku kumepigwa, huku kumekosewa. Hapa sioni palipokosewa."

Mwaka 2022 picha ilipovuma, mtaalamu wa miamba wa Uingereza, Neil Hodgson, aliulizwa na waandishi wa habari. Alieleza kwamba lile shimo limetokea pale nyufa za wima zilipokutana na matabaka ya mwamba. Nilikuwa nimeshayasoma maneno yake kabla ya kwenda. Nilikuwa nimeyapita haraka kwa sababu nilikuwa natafuta sentimita.

Akaniuliza pia kama wanatuficha. Nikamwambia picha za haya magari zinawekwa wazi mtandaoni zikiwa mbichi, yeyote mwenye bando anaziona, na aliyeukata ule mlango aliutoa humo humo. Akatikisa kichwa polepole. Sikumlaumu kwa kuuliza. Mtu aliyeishi miaka yote akiambiwa nusu nusu, na watu wa serikali, na wanunuzi wa kokoto, na sisi watoto wake tuliosoma, ana haki ya kuuliza kama hii nayo ni nusu.

## Madoa ya chui

Tulikunywa chai. Nikamuonyesha na lingine, hili ndo linaloninyima usingizi sasa hivi.

Julai 2024 gari la Perseverance, ambalo liko kreta ya Jezero tangu Februari 2021, lilikuwa kwenye bonde la mto uliokauka zamani sana likakuta jiwe la urefu wa kama mita 1, wakaliita Cheyava Falls. Jekundu, lina mishipa myeupe, na limejaa vidoa vyeupe vidogo kama milimita, kila kidoa kimezungukwa na pete nyeusi. Wanasayansi wenyewe wakayaita madoa ya chui.

"Ni chui kweli," shangazi akasema. "Na hili nalo jiwe?"

Ni jiwe, nikamwambia, sikuongeza neno la pili. Ni tope la zamani lililoganda. Ndani yake wamekuta kaboni ya aina inayojenga vitu hai, na kwenye yale madoa kuna chuma kilichoshikana na fosfati na chuma kilichoshikana na salfa, na huku duniani madini ya namna hiyo mara nyingi yanatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye tope wakila kilichooza. Mara nyingi, siyo kila mara. Kuna njia nyingine isiyo na uhai inayoweza kuyatengeneza. Septemba 2025 waliyachapisha yote hayo kwenye jarida la Nature, na walichosema ni kwamba inawezekana ikawa dalili ya uhai. Hawakuvuka hapo.

"Tope la mikokoni," akasema shangazi. "Ukilichimbua chini ni jeusi na linanuka. Ndo hilo?"

Ndo hilo. Ule weusi wa mikokoni ni chuma na salfa, na harufu ile ni kazi ya bakteria wasiotumia hewa. Niliishi karibu na ile mikoko utoto wangu wote na sikuwahi kuunganisha.

"Sasa wanajuaje kama ni wadudu au siyo?"

Nikamweleza kwamba walilitoboa, wakatoa kipande kidogo kama cha chaki, wakakitia kwenye kichupa cha titani wakafunga. Gari haliwezi kumaliza swali lenyewe, inatakiwa maabara za huku. Kichupa kiko tumboni mwa gari kule kule Mirihi, na chombo cha kwenda kukichukua hakijapatikana, gharama ni kubwa mno.

"Wasikipoteze," akasema.

Akaichukua tena simu, akaikuza ile picha mpaka kidoa kimoja kikajaa kioo chote, akaisogeza karibu na miwani.

"Hiki cha hapa pembeni," akasema, "mbona pete yake haijafunga?"